Kwa nini ofisi kongwe za mawakili Afrika Mashariki zinatafuta jina la nje

Mwaka 2020 ofisi ya mawakili ya Hamilton Harrison & Mathews ya Nairobi, ambayo huhesabu umri wake tangu 1902, ilianza kuitwa Dentons HHM baada ya kujiunga na mtandao wa mawakili ulioenea karibu dunia nzima. Haikuwa ya kwanza wala ya mwisho. Coulson Harney, nayo ya Nairobi, ilikuwa imechukua jina la Bowmans la Afrika Kusini mwaka 2016, na mwaka 2021 Kieti Law iliungana na Cliffe Dekker Hofmeyr, pia ya Afrika Kusini. Dar es Salaam na Kampala zimeshuhudia miungano ya aina hiyohiyo. Kila tangazo la namna hii linapotoka, mazungumzo ya mawakili na ya kurasa za biashara hugawanyika pande mbili. Upande mmoja huomboleza kwamba taasisi ya nyumbani imeuzwa kwa wageni, na upande wa pili hushangilia kwamba uwakili wetu umefikia kiwango cha dunia. Naamini pande zote mbili zinalisoma jambo hili vibaya. Ofisi hizi hazikuwahi kuwa za nyumbani kwa maana inayodaiwa na wanaoomboleza, na kubadili jina hakuthibitishi ubora wowote mpya. Miungano hii inatuonyesha kwamba ukanda wa kisheria uliozizaa ofisi hizo, kuanzia Mombasa hadi Kampala na Dar es Salaam, ulivunjika, na kwamba kazi ya kuuunganisha upya tumewaachia watu wa nje kwa sababu sisi wenyewe tumeshindwa kuifanya.

Ili hoja hii ieleweke ni lazima kurudi kwenye mwaka wenyewe wa 1902. Reli ilikuwa imefika Nairobi 1899 na kugusa Ziwa Viktoria mwishoni mwa 1901. Mwaka 1902 utawala wa Kiingereza ulitunga Sheria ya Ardhi ya Mfalme, iliyompa Kamishna uwezo wa kuwauzia walowezi ardhi na kuwapangisha kwa miaka 99, na mwaka huohuo ikaundwa mahakama moja ya rufaa kwa ajili ya Afrika Mashariki. Muda si mrefu Lord Delamere akapewa ekari 100,000 huko Njoro, na kampuni ya East Africa Syndicate ikaahidiwa maili za mraba 500 katika Bonde la Ufa. Ardhi iliyokuwa ya malisho, yenye mipaka inayojulikana kwa vilima, mito na kumbukumbu za wazee, ikageuzwa kuwa kitu kinachoandikwa, kinachosajiliwa na kuwekwa rehani benki. Mabadiliko hayo yalihitaji mtu wa kuandika hati, wa kupeleka ramani kwa msajili, wa kuandaa mkataba wa mkopo na kuandika wosia wa mlowezi aliyeogopa kufa kwa homa mbali na kwao. Hapo ndipo biashara ya uwakili ya Nairobi ilipopata riziki yake. Wakili aliishi Nairobi, lakini fedha aliyoihudumia ilitoka London, na migogoro mikubwa zaidi ilikatiwa huko London mbele ya Baraza la Faragha (Privy Council), mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Uingereza. Anayesema leo kwamba ofisi kongwe zimeanza kutumikia mtaji wa nje baada ya kubadili majina atueleze basi zilikuwa zikimtumikia nani mwaka 1910.

Pwani ilikuwa na historia yake, na haifai kuipita haraka. Kabla Nairobi haijawa mji, mashauri ya raia wa Kiingereza na Wahindi waliokuwa chini ya ulinzi wa Uingereza yalisikilizwa na mahakama ya konseli Zanzibar, na kwa muda rufaa zake zilivuka bahari kwenda Mahakama Kuu ya Bombay. Sheria za India zilikuja kwa njia hiyo: ya mikataba, ya ushahidi, ya uhamishaji mali. Sheria ya India ya Uhamishaji wa Mali ya 1882 iliendelea kutumika Kenya mpaka mageuzi ya sheria za ardhi ya 2012, yaani kwa miaka karibu hamsini baada ya uhuru. Pamoja na sheria hizo walikuja mawakili waliosomea Bombay au London, wakafungua ofisi Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na baadaye Kampala, wakiwahudumia wafanyabiashara wa pamba, karafuu na mkonge. Pembeni yao walikuwako makadhi, waliokuwa wakiamua mirathi na ndoa kwa sheria ambayo mteja aliifahamu na kwa lugha aliyoisema. Kwa hiyo ukanda wetu wa kisheria tangu mwanzo ulisukwa kwa nyuzi za nje, zingine kutoka London, zingine Bombay na zingine Uarabuni. Hakuna aibu katika hilo, ila inatupasa kulikumbuka kabla hatujaanza kuzungumzia asili.

Walikuwako pia waliotumia sheria hiyohiyo kwa ajili ya wenyeji, na kwa maoni yangu hawa ndio wanaostahili kukumbukwa zaidi kuliko umri wa ofisi yoyote. Mwaka 1913 Wamaasai walikwenda mahakamani kupinga kuhamishwa kutoka Laikipia chini ya mkataba wa 1911. Shauri hilo, linalojulikana kwa jina la Ole Njogo, lilitupwa na Mahakama Kuu, kisha na mahakama ya rufaa ya Afrika Mashariki, iliyosema kwamba makubaliano yale yalikuwa mkataba baina ya mataifa na hivyo mahakama haikuwa na mamlaka ya kuyahoji. Miaka karibu arobaini baadaye, Wameru wa Tanganyika walipofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951, wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa na ofisi Moshi, aliandamana na Kirilo Japhet hadi New York mwaka 1952 kulipeleka suala lao Umoja wa Mataifa. Moshi hiyohiyo alifanya kazi Mjamaika Dudley Thompson, aliyekuwa miongoni mwa mawakili waliomtetea Jomo Kenyatta katika kesi yake ya Kapenguria akiwa pamoja na D. N. Pritt, Achhroo Kapila na Fitz de Souza. Na Argwings-Kodhek, wakili wa kwanza Mwafrika Kenya, alikataa kazi serikalini kwa sababu angelipwa chini ya Mzungu mwenye sifa zilezile, akafungua ofisi yake na kuwatetea walioshtakiwa wakati wa Mau Mau. Ofisi za watu hawa zilikuwa ndogo, na nyingi hazikuwazidi umri waanzilishi wake. Hazina kurasa za kuadhimisha miaka mia.

Kilichoziwezesha ofisi kubwa kukua na kuitwa za ukanda kilikuwa mpangilio ambao leo haupo. Kulikuwa na mahakama moja ya rufaa, ambayo Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zote zilipeleka rufaa zake. Kulikuwa na shilingi moja chini ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kuanzia 1957 maamuzi yalichapishwa katika mfululizo mmoja wa vitabu vya hukumu za Afrika Mashariki. Ukiingia maktaba ya wakili mzee wa Dar es Salaam au Nairobi utavikuta vitabu hivyo vikiwa vimekaa mahali pa heshima, na hadi leo utamsikia wakili akisimama mbele ya jaji Mwanza na kunukuu uamuzi uliotolewa Kampala mwaka 1960, na jaji akauzingatia. Wakili wa enzi zile aliandika mkataba Mombasa akijua kwamba tafsiri yake ingekuwa ileile kama mgogoro ungezukia Jinja. Huo ndio ukanda wenyewe: watu wale wale, vitabu vile vile, na mahakama ya juu ileile.

Mpangilio huo ulianza kufumuka mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1961 Tanganyika ilitunga sheria yake ya mikataba kwa kufuata mfano wa India, wakati Kenya mwaka huohuo iliachana na sheria ya India na kushika kanuni za Kiingereza, kwa hiyo hata kabla ya bendera za mwisho kushushwa mkataba wa Nairobi na wa Dar es Salaam ulikuwa umeanza kutengana. Sarafu ziligawanyika 1966. Azimio la Arusha la Februari 1967 na utaifishaji wa mabenki vilizifanya ofisi za mawakili za Dar es Salaam zipoteze wateja wake wakubwa kwa mkupuo mmoja, na kuanzia 1970 kazi za kisheria za mashirika ya umma zikawekwa chini ya Shirika la Sheria la Tanzania. Uganda, amri ya Idi Amin ya Agosti 1972 ya kuwafukuza Waasia ilifunga ofisi ambazo zilikuwa zimejengwa kwa miongo kadhaa, majalada na yote. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mahakama ya rufaa ikavunjika nayo. Kila nchi ikabaki na mahakama yake, chama chake cha mawakili na daftari lake la mawakili. Ofisi ya Nairobi iliyojiita ya ukanda ikawa, kwa hali halisi, ofisi ya Kenya yenye kumbukumbu za ukanda.

Nairobi ndiyo iliyoumia kidogo zaidi, na hapo ndipo panapopatikana jibu la kwa nini ofisi kongwe zilizosalia nyingi ziko huko. Mabenki ya kigeni hayakutaifishwa, bima ziliendelea, mashamba ya chai na kahawa yalibadilisha wamiliki kwa hati zilizoandikwa na mawakili walewale. Kuingia kwa Waafrika katika ofisi hizo kulikwenda polepole. Kamati ya Lord Denning ya 1961 ilikuwa imependekeza mafunzo ya sheria yafanyike Afrika yenyewe, Kitivo cha Sheria kikafunguliwa Dar es Salaam Oktoba 1961 kikiwa ndicho kitivo cha kwanza cha chuo kile, na Shule ya Sheria ya Kenya ikaanza 1963. Lakini shahada peke yake haimpi mtu meza ya mbia, yaani mmiliki mwenza wa ofisi. Anayesoma majina yaliyoandikwa kwenye barua za ofisi za miaka ya 1970 na 1980 ataona jinsi majina ya Kiafrika yalivyoingia moja moja, kuanzia chini ya orodha, huku jina la ofisi lenyewe likibaki la Waingereza waliokwisha kufa. Jambo hilo linanigusa kuliko suala la jina jipya, kwa sababu maswali ya nani hufundishwa, nani hukabidhiwa mteja mkubwa na nani huitwa kuwa mbia ndiyo yanayoamua taasisi ni ya nani.

Sasa tuangalie kwa karibu kazi ambayo ofisi hizi hufanya leo, maana ubishi mwingi unatokana na kutoijua. Chukua mkopo mkubwa ambao kampuni ya Nairobi au Dar es Salaam inaupata kutoka kundi la mabenki ya nje. Mkataba mkuu wa mkopo huandikwa na mawakili wa London na kusema kwamba utaongozwa na sheria ya Uingereza. Hata hatifungani ya dola bilioni 2 ambayo serikali ya Kenya iliwauzia wawekezaji wa nje Juni 2014 ilikuwa chini ya sheria hiyo. Ofisi ya Nairobi huingia ikiwa wakili wa ndani. Kazi yake ni kuandaa hati za dhamana zinazohusu mali iliyopo nchini, kupekua masjala ya ardhi na ya kampuni, kulipia ushuru wa stempu, na kuhakikisha kwamba rehani imesajiliwa ndani ya muda: siku 30 Kenya, siku 42 Tanzania, na ukichelewa dhamana hiyo haitakuwa na nguvu dhidi ya mfilisi. Mwishoni hutoa maoni ya kisheria yaliyotiwa saini, ya kurasa kadhaa tu, yakisema kwamba mkopaji ni kampuni iliyosajiliwa kihalali, kwamba bodi yake ina uwezo wa kukopa, na kwamba hukumu ya London itaweza kusajiliwa na kutekelezwa Nairobi. Bila karatasi hiyo fedha haitoki. Kwa hiyo wakili wa ndani anashika ufunguo, lakini si yeye aliyechora nyumba, na ada yake huwa sehemu ndogo ya ile inayolipwa kwa aliyechora.

Ukishaelewa hivyo, hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu inajionyesha yenyewe. Ni ile isemayo kwamba mitandao ya kigeni inakuja kuwanyang'anya mawakili wazalendo mkate wao. Daftari la mawakili Tanzania limepita majina 10,000, na la Kenya ni kubwa zaidi. Sehemu kubwa ya watu hao hufanya kazi peke yao au wawili watatu, katika chumba cha ghorofani karibu na mahakama, na riziki yao hutokana na mirathi, mipaka ya viwanja, ajali za barabarani, talaka, dhamana za polisi na madai ya mishahara. Hakuna mtandao wa kimataifa unaotamani mirathi ya nusu ekari Rungwe au Kisii. Isitoshe, sheria za uwakili za nchi zote hizi haziruhusu mtu ambaye jina lake halimo kwenye daftari kusimama mahakamani, isipokuwa kwa ruhusa maalumu na kwa shauri maalumu. Wanaoketi katika ofisi zenye majina mapya ni mawakili walewale walioapishwa mbele ya Jaji Mkuu wa nchi yao. Vijana wanaomaliza shule za sheria na kukosa kazi wana haki ya kulalamika, na malalamiko yao ni mazito, lakini chanzo chake ni soko lililojaa, ada ambazo wateja maskini hawawezi kuzilipa, na kukosekana kwa mfumo mpana wa msaada wa kisheria unaolipwa na serikali. Kumlaumu Dentons kwa hayo ni kuuacha ugonjwa na kupiga kelele mlangoni.

Hoja ya wanaoshangilia haina nguvu zaidi. Inadai kwamba jina la dunia huja na ujuzi wa dunia. Wakili aliyetia saini maoni ya kisheria wiki moja kabla ya kubadili jina ni yuleyule aliyetia saini wiki iliyofuata, na sheria anayoitolea maoni ni ileile. Kinachobadilika ni njia ambayo kazi inamfikia: mwenzake wa Ulaya au Ghuba mwenye mteja anayetaka kununua kiwanda Thika sasa ana mtu wa kumpigia simu ndani ya jina moja. Hilo lina faida halisi, na silibezi. Huenda pia likaleta mafunzo, mifumo bora ya kutunza majalada na bima kubwa zaidi ya makosa ya kitaaluma. Ila ni faida za soko, na zinaweza kuondoka na soko. Mtandao wa Dentons ulipoungana mwaka 2015 na Dacheng ya China ulitangazwa kuwa mkubwa kuliko yote duniani kwa idadi ya mawakili. Mwaka 2023, kutokana na kanuni mpya za China kuhusu data na usalama wa mitandao, pande hizo mbili zikatengana. Aliyehisi kwamba kuingia kwenye mtandao ni kufika mahali pa kudumu alipaswa kulitafakari tukio hilo.

Hoja moja ya wapinzani ndiyo inayonisumbua kweli, na sijaisikia ikijibiwa vya kutosha. Inahusu mgongano wa maslahi. Mitandao hii mara nyingi huundwa kwa namna ambayo kila ofisi hubaki na hesabu zake na dhima yake, ikiwa chini ya chombo cha pamoja kilichosajiliwa Uswisi. Hoja ya mitandao hiyo ni kwamba, kwa kuwa ofisi zimetengana kisheria, wakili wa Toronto hamfungi wakili wa Washington. Mwaka 2015 jaji wa Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani aliikataa hoja hiyo: aliiondoa Dentons US katika shauri ambalo ilikuwa ikiitetea kampuni ya RevoLaze dhidi ya Gap, kwa sababu Gap ilikuwa mteja wa Dentons ya Canada. Kwa jaji yule, waliojitangaza kwa umma kuwa ofisi moja walipaswa kupimwa kama ofisi moja. Sasa lilete jambo hilo kwetu. Ofisi za Nairobi, Dar es Salaam au Kampala zenye uwezo wa kubeba mgogoro wa mamia ya mamilioni ya dola ni chache. Ikiwa kila moja imo ndani ya mtandao ambao mahali fulani duniani unamtumikia mwekezaji wa mgodi, wa mafuta au wa simu, serikali au wanakijiji watakapohitaji wakili wa kupambana na mwekezaji huyo watakuta milango mingi imefungwa kabla hawajabisha. Wakili ataomba radhi kwa adabu, naye atakuwa sahihi kimaadili. Hasara itabaki kwa nchi. Vyama vya mawakili, vyenye jukumu la nidhamu, vingepaswa kuwa vimekwisha kutunga kanuni iliyo wazi kuhusu suala hili: kwamba anayetumia jina la pamoja achukuliwe kuwa na wateja wa pamoja, na kwamba mtandao utakaotaka vinginevyo uthibitishe kuta zake, yaani vizuizi vinavyozuia siri za wateja kuvuka kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Tanzania imejaribu njia nyingine. Sheria ya 2017 kuhusu mamlaka ya kudumu ya nchi juu ya utajiri na maliasili zake ilitaka migogoro ya maliasili iamuliwe na vyombo vilivyoundwa nchini, na Kanuni za Madini za 2018 kuhusu ushirikishwaji wa Watanzania zikawataka wenye leseni kutumia mawakili wa Kitanzania au ofisi ya mawakili wa Kitanzania ambayo makao yake makuu yako Tanzania. Nia ni njema, na imeleta kazi ambayo zamani ilipita juu ya vichwa vyetu. Kipimo chake ndicho ninachokitilia shaka. Ofisi inaweza kuwa na makao makuu Dar es Salaam, ikawa na wabia Watanzania watupu, na bado mkataba wenyewe ukaandikwa nje na kuletwa kwa ajili ya kupigwa muhuri. Ofisi nyingine inaweza kubeba jina la kigeni mlangoni huku wabia wake wa Dar es Salaam ndio waliokaa mezani kuanzia kifungu cha kwanza. Kipimo cha maana kingeuliza nani aliandika, nani alijadiliana, nani alilipwa kiasi gani katika ada yote ya kisheria ya mradi, na mawakili vijana wangapi walikuwa chumbani. Hayo yanaweza kudaiwa katika ripoti za kila mwaka ambazo wenye leseni tayari wanatakiwa kuziwasilisha.

Lugha nayo imo ndani ya suala hili. Kwa Sheria Na. 1 ya 2021 Tanzania ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ikiacha Kiingereza kitumike kwa masharti. Lakini ofisi kubwa za biashara bado huandika dhamana, rehani na mikataba ya ubia kwa Kiingereza tupu, hata pale ambapo mdhamini ni mfanyabiashara wa samaki wa Mwanza anayefanya shughuli zake zote kwa Kiswahili. Husomewa hati, huelezwa kwa muhtasari, akatia saini kila ukurasa pale alipooneshwa kwa kidole. Akishindwa kulipa, kesi inasikilizwa kwa Kiswahili juu ya maneno ambayo hakuna aliyewahi kumwandikia kwa Kiswahili, na sehemu nzuri ya siku za mahakama inaishia kubishania tafsiri. Ofisi kongwe ndizo zenye majalada ya miaka mingi ya mikataba ya kila aina, na kwa hiyo ndizo zenye uwezo wa kutengeneza mifano ya hati za Kiswahili ambayo soko lingeiamini. Hiyo ni kazi ambayo mtandao wa nje hautaifanya kwa niaba yetu, na sioni kwa nini ungefanya.

Narudi kwenye ukanda, maana ndipo mzizi ulipo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010 na iliahidi kwamba wenye taaluma wangevuka mipaka kufanya kazi. Wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi walitia saini makubaliano ya kutambuana. Mawakili walibaki nyuma, na kila chama kilitoa sababu ambazo ukizichambua zinakuwa ni woga wa chama kimoja kumezwa na kingine. Matokeo yake ni haya: mteja wa Kigali anayenunua ghala Mombasa na kulisajili chini ya kampuni ya Dar es Salaam anahitaji ofisi tatu, na njia rahisi zaidi ya kuzipata ofisi hizo tatu zikiwa zinafahamiana, zinatumia mfumo mmoja na zinatoa ankara moja, ni kupitia jina lililosajiliwa nje ya bara hili au kusini mwake kabisa. Wabia wa ofisi kongwe wameliona hilo na wamefanya hesabu zao. Siwezi kuwalaumu kwa kutafuta kwingine ukanda ambao babu zao wa taaluma walikuwa nao, na ambao serikali zetu na vyama vyetu vimeuzuia kurudi.

Na mfano wa namna ya kuurudisha tunao Arusha. Mkataba ulioanzisha upya Jumuiya, katika ibara ya 37, unamruhusu wakili yeyote mwenye haki ya kusimama mbele ya mahakama ya juu ya nchi mwanachama kusimama mbele ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Wakili wa Kampala amekuwa akiwatetea pale watu wa Kenya, na wa Nairobi akawatetea watu wa Tanzania, na hakuna daftari lililochomwa moto kwa ajili hiyo. Haki hiyo huishia kwenye lango la mahakama ile. Baraza la Mawaziri la Jumuiya lingeweza kuanza na kipande kidogo: kazi zisizo za mahakamani, yaani mikataba, dhamana na ununuzi wa kampuni unaogusa nchi mbili au zaidi, zifanywe na mawakili wa nchi yoyote mwanachama wakishirikiana na mwenzao wa nchi husika kwa masharti yaliyochapishwa, na ofisi za nchi tofauti ziruhusiwe kuwa na wabia wa pamoja. Vyama vya mawakili vikikubali hilo, ofisi ya Nairobi iliyoanza 1902 na ile ya Dar es Salaam iliyoanza baada ya mageuzi ya miaka ya 1990 zitaweza kuungana zenyewe kwa zenyewe, na zitakapoamua kuingia mtandao wa dunia zitaingia zikiwa na kitu cha kujadiliana.